Ukitaka mapango, anza na kisima

Kijana mmoja wa kidato cha sita alinifuata tulipokuwa tunatoka mapango ya Amboni, Tanga, tope limenifika magotini, akaniuliza: "Shangazi, hii kazi mtu anaipataje? Nataka nilipwe kuingia mapangoni." Nilicheka. Nilipokuwa na umri wake nami nilitaka hivyo hivyo, na katika miaka zaidi ya ishirini ya jiolojia sijawahi kulipwa hata shilingi kwa kuingia pangoni. Nimelipwa kutafuta maji. Nimelipwa kueleza kwa nini kisima kilichokuwa kitamu kimegeuka chumvi, na kusema kama darasa lililopasuka ukuta litatitia au halititii. Mapangoni nimeingia mara nyingi, ila kila mara nilikuwa nafuata maji ya mtu.

Nikamwahidi nitamwandikia. Barua ikawa ndefu, wenzake nao wakaiomba, basi ni hii hapa.

Birika la mama

Mimi ni mtoto wa Tanga. Kwetu tulikunywa maji ya kisima, na ndani ya birika la mama mlikuwa na ukoko mweupe, mgumu kama saruji. Mama alikuwa akiukwangua kwa kijiko, na ukimshinda anautilia ndimu na kuuacha usiku kucha. Asubuhi ukoko umelainika, umejaa vipovu.

Ule ukoko ni jiwe. Mvua ikishuka huwa na hewa ya ukaa kidogo, na ikipenya kwenye udongo wenye mizizi na majani yaliyooza huokota nyingine nyingi zaidi, inakuwa tindikali dhaifu. Ikikutana na jiwe la chokaa inalila taratibu. Jiwe lililoliwa linasafiri ndani ya maji, halionekani, mpaka maji yafike kisimani. Mama anayachemsha, hewa ya ukaa inakimbia, na lile jiwe linarudi kuwa jiwe, safari hii ndani ya birika. Pangoni ni mambo yale yale pasipo moto: tone linaning'inia darini, hewa ya ukaa inatoka, chokaa kidogo sana inabaki, na baada ya maelfu ya miaka unaona vile vidole vya mawe ambavyo watalii wanapigia picha. Jiwe lenyewe la Amboni lilitengenezwa chini ya bahari enzi za Jurasiki, zaidi ya miaka milioni 145 iliyopita.

Nchi ya mawe yanayoliwa hivi wataalamu huiita karsti, jina lililotoka uwanda wa Kras, mpakani mwa Slovenia na Italia. Sisi wa pwani tunaishi juu ya karsti bila kuiita hivyo: Tanga, milima ya Umatumbi kule Kilwa, Shimoni, Kilifi, na mashariki ya Unguja ambako jembe linagonga tumbawe kabla halijazama.

Kwa hiyo zoezi la kwanza halina gharama. Okota jiwe la mtaani kwenu, lisage kidogo, lidondoshee ndimu, usikilize kama linatoa vipovu. Baadaye utapewa kichupa cha tindikali ya asilimia 10 na utajiona fundi, lakini kazi ni ile ile ya mama.

Shule

Hapa nitapita haraka. Kidato cha tano chukua mchepuo wenye fizikia na hesabu, PCM (fizikia, kemia, hesabu) au PGM (fizikia, jiografia, hesabu). Ukichagua PGM usiitupe kemia, kwa sababu karsti ni kemia tupu. Shahada ya jiolojia inapatikana Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Dodoma. Kwa walioko Kenya, Chuo Kikuu cha Nairobi. Kama alama hazikutosha, usilie. Chuo cha Maji pale Ubungo kinatoa stashahada ya haidrojiolojia, yaani elimu ya maji ya ardhini, na uchimbaji wa visima, na nikiwa na kazi ya uwandani nitamchukua kijana wa stashahada aliyewahi kulala kwenye mtambo wa kuchimba kabla ya mwenye shahada aliyeona kisima kwenye slaidi.

Chuoni hakuna somo linaloitwa "mapango". Wewe jaza nafasi zako na haidrojiolojia, jiokemia, jiofizikia na ramani za kompyuta. Tasnifu ya mwaka wa mwisho ifanye juu ya maji ya jiwe la chokaa, hata kama wenzako wote wanakimbilia dhahabu ya Geita. Watakucheka. Mimi walinicheka mpaka mahafali.

Ukifika shahada ya pili, tazama nje pia. Postojna, Slovenia, kuna taasisi ya utafiti wa karsti yenye shule fupi ya kimataifa kila mwaka. Chuo Kikuu cha Western Kentucky, Marekani, kiko jirani na Mammoth Cave, pango refu kuliko yote duniani, ambalo limeshapimwa zaidi ya kilomita 680. Chuo hicho kiko mji wa Bowling Green, ambako Februari 2014 sakafu ya jumba la makumbusho ya magari ilidondoka alfajiri kwenye shimo la karsti na kumeza magari manane ya Corvette. Hakuna aliyeumia.

Visima vitano, mwaka mmoja

Sasa sikiliza, hapa ndipo ninapowapoteza wengi. Kabla hujashika tochi, nataka uchague visima vitano karibu na kwenu, uvipime kila wiki kwa mwaka mzima.

Vifaa: kipimo kidogo cha mkononi cha kupima jinsi maji yanavyopitisha umeme, sisi huita EC, kipimajoto, kamba yenye alama za sentimita na uzito mwishoni, daftari na penseli. Penseli, mwanangu. Wino ukilowa umepoteza mwezi.

EC inahesabiwa kwa maikrosimensi kwa sentimita. Maji ya mvua mara nyingi hayafiki 50. Maji matamu yaliyokaa kwenye chokaa huwa mia tano, mia saba. Bahari ni kama 50,000. Ukiwa na namba hizo tatu kichwani, kisima kitaanza kukusimulia. EC ikishuka ghafla kesho yake baada ya mvua kubwa, ujue maji ya mvua yamefika kisimani bila kuchujwa, yamepita kwenye bomba la asili. Kuna pango chini, au ufa mpana, na hujaingia popote. Ikiwa mvua inanyesha wiki nzima na namba haitikisiki, maji yake yanapita polepole kwenye vitundu vidogo.

Kwa wa pwani kuna kitu kingine ambacho mwanafunzi wa Dodoma hakijui: bamvua, zile siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu ambapo bahari hujaa na kupwa sana. Kisima kilicho karibu na ufuo kinapanda na kushuka na bahari. Pima wakati wa kujaa na wakati wa kupwa, pima bamvua na pima maji mafu, siku ambazo bahari hujaa na kupwa kidogo. Wanawake wanaochota wanajua haya kuliko mimi na wewe. Kijiji kimoja mama mmoja aliniambia, bila kuniangalia, "Hiki usichote maji yakijaa, chai inakuwa ya chumvi." Nilikuwa na kifaa cha mamilioni mkononi na nilitumia siku tatu kuthibitisha sentensi yake. Siku hizi naanza kwa kuuliza wanaochota, ndipo nafungua sanduku.

Hesabu ya arobaini, niliyoifeli

Maji matamu ni mepesi kidogo kuliko ya bahari, kwa hiyo chini ya pwani na visiwa yanaelea juu ya maji ya chumvi. Kwa kila sentimita 1 ambayo maji ya kisima yako juu ya usawa wa bahari, chini yake kuna kama sentimita 40 za maji matamu kabla ya kukutana na chumvi. Hesabu hiyo inajulikana tangu karne ya 19.

Mwaka wangu wa tatu kazini nilipewa kazi ya kuelekeza kisima kirefu cha shule moja pwani. Ardhi ilikuwa mita 18 juu ya bahari. Kisima cha zamani cha jirani kilikuwa kimekauka nusu, watu wana shida, mwenyekiti wa kijiji ananipigia kila siku. Niliandika mita 70. Kwa nini 70? Kwa sababu kazi iliyotangulia, bara kidogo, tulichimba 70 tukapata maji mazuri. Na mkandarasi hakubisha, maana analipwa kwa mita.

Tulipata maji mengi, yakaruka juu, watoto wakapiga makofi. Nikachovya kipimo: 11,000. Sikuamini, nikakisuuza, nikachovya tena. Mwalimu mkuu akaonja kwa kiganja, akatema, akanitazama.

Baadaye nilikaa na daftari nikapiga hesabu niliyotakiwa kuipiga kabla. Maji ya kisima cha jirani yalikuwa sentimita 55 tu juu ya usawa wa bahari. Mara 40, ni mita 22 chini ya usawa wa bahari. Jumlisha na zile 18 za ardhi, unapata 40. Nilichimba mita 30 ndani ya bahari! Tena kwenye chokaa yenye mifereji hata hizo 40 usizitamani, kwa sababu mpaka wa matamu na chumvi ni ukanda wa mchanganyiko, na ukivuta maji kwa pampu yakashuka sentimita chache tu, chumvi inapanda mara 40 ya hapo. Kisima sahihi pale kilikuwa kifupi, pampu ndogo, inavuta polepole mchana kutwa.

Basi pima usawa kwanza. Asikuhimize mtu, hata mwenyekiti. Namba ya mita usiirithi kutoka kwenye kazi nyingine.

Rangi ya kijani

Kuna siku utaulizwa: uchafu wa shimo hili unafika kwenye chemchemi ile? Jibu lake ni rangi. Tunatumia fluoresini, unga mwekundu-mwekundu ambao ukiingia majini unakuwa kijani cha kung'aa. Kwa kiasi kidogo kinachotumika hauna madhara, na vifaa vya maabara vinauona hata pale ambapo jicho halioni kitu.

Mara yangu ya kwanza nilimwaga rangi saa mbili asubuhi kwenye shimo lililotitia, ambalo kijiji kilikuwa kimeligeuza jalala. Kisha mimi mwenyewe, kwa mikono ile ile na begi lile lile, nikazunguka kuchukua maji ya visima vitatu na chemchemi moja. Majibu yalipotoka, chupa zote nne zina rangi. Nilifurahi, nikaanza kuandika ripoti. Mzee aliyekuwa akinisimamia akauliza, "Na hiki kisima cha juu nacho?" Maji ya kisima kile yalikuwa juu kuliko shimo lenyewe. Akanishika mkono, akageuza kucha zangu kwenye mwanga. Kijani kwenye pembe. Nilikuwa nimejipima mwenyewe.

Tulisubiri wiki sita rangi ipungue ndipo tukarudia. Kwa hiyo wewe ufanye hivi. Anayemwaga rangi asiguse chupa, asipande gari la sampuli, na akimaliza aende nyumbani akaoge. Wiki moja kabla, chukua maji ya kila kisima ujue kama hakuna kijani cha asili au cha sabuni. Shona vifuko vya wavu wa dirishani, utie mkaa maalumu wa maabara, uvifunge kwenye mkondo wa chemchemi; mkaa hunasa rangi hata ikipita usiku umelala. Na waarifu watu. Mwenyekiti atangaze, msikitini itangazwe Ijumaa. Ukiwaachia wananchi waamke wakute chemchemi ya kijani, hiyo ni kesi ya kutia sumu, na hakuna atakayekusikiliza ukieleza.

Safari ya pili rangi ilitokea kwenye chemchemi peke yake, kilomita 1.3 kutoka shimoni, kabla ya kupambazuka. Ule ushauri wa kujenga choo mita 30 kutoka kisimani unafaa penye mchanga unaochuja. Kwenye chokaa yenye mifereji, mita 30 inaweza kuwa mwendo wa chini ya saa moja. Jalala lile lilihamishwa baada ya kuwaonyesha wazee chupa mbili, ya kabla na ya baada. Ripoti yangu ya kurasa 40 hakuna aliyeisoma.

Ukifika mlangoni mwa pango

Uliza wenyewe kwanza. Amboni pana mahali pa mzimu, watu wanaacha ubani na vitambaa, na mapango mengi ya pwani yako hivyo. Ukiingia na buti bila hodi, umefunga mlango kwa kila mjiolojia atakayekuja baada yako. Mimi huingia na mzee wa mahali. Mara nyingi yeye ndiye anayejua chumba ambacho ramani haina.

Tochi tatu kwa kila mtu, moja kichwani. Kofia ngumu. Watu wasipungue watatu, ili mmoja akivunjika mguu, mmoja abaki naye na mmoja aende. Mwachie mtu wa nje saa ya kurudi, na saa hiyo ikipita aje, asikupe muda wa ziada kwa heshima. Masika usiingie pango lenye mto. Ukianza kuhema na kichwa kinauma wakati hujapanda popote, hewa ni mbaya, geuka.

Popo usiwaguse, na kinyesi chao usikivuruge bila barakoa na glavu. Virusi vya Marburg viliwapata watu waliotembelea pango la Kitum, mlima Elgon, mwaka 1980 na 1987, na mwaka 2008 mtalii mmoja Mholanzi alifariki baada ya kuingia pango lenye popo Uganda. Najua wavulana wa Tanga wanaingia kandambili miguuni. Ndio maana naandika.

Na sakafu usiichimbe. Panga ya Saidi, kule Kilifi, waakiolojia walikuta kaburi la mtoto mdogo wa miaka 78,000 iliyopita, wakampa jina Mtoto; matokeo yalitangazwa mwaka 2021. Angepita mjiolojia mwenye haraka na sururu, tusingejua.

Ramani ya pango unaichora kwa dira, kipima-mwinamo na kipimo cha leza, kituo hadi kituo, na mchoro wa mkono. Programu za Survex na Therion ni za bure, jifunze nyumbani kwa kupima korido ya bweni.

Mashimo

Simu za ghafla huwa za mashimo. Udongo ulio juu ya chokaa unasombwa kidogo kidogo kupitia nyufa, kunabaki uwazi wenye dari ya udongo, na siku moja dari inaanguka. Mara nyingi binadamu amesaidia: bomba linavuja, shimo la majitaka limechimbwa juu ya ufa, au pampu zimeshusha maji yaliyokuwa yanashikilia udongo. Kabla ya kuanguka, milango inaanza kukwama, nyufa mpya zinatoka ukutani kwa ngazi, bwawa linakauka bila jua.

Watu watataka kujaza kwa taka au kifusi chochote. Wazuie. Mawe makubwa chini kabisa mpaka yazibe koo la shimo, kisha madogo, kokoto, mchanga, udongo juu, ili maji yapite na udongo usipite.

Ila usiite kila shimo karsti. Machi 2018 ufa mkubwa ulikata barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok, dunia nzima ikaandika kwamba Afrika inapasuka. Kule ni majivu ya volkano, na wajiolojia wengi walieleza kwamba mvua kubwa ilisomba majivu laini yaliyojaza ufa wa zamani. Hata mapango ya milima ya Chyulu, kule Kenya, ambako pango la Leviathan lina zaidi ya kilomita 11, ni mifereji ya lava, hakuna chokaa iliyoliwa. Lakini maji ya chemchemi za Mzima yanayopelekwa Mombasa yanatoka kwenye lava hiyo ya Chyulu, kwa hiyo ukijua karsti, hata huko utapata kazi.

Nani atakulipa

Tanzania kuna Bodi za Maji za Mabonde, tisa, ndizo zinazotoa vibali vya kutumia maji; sisi wa Tanga tuko chini ya Pangani. Kuna RUWASA kwa maji ya vijijini, kuna mamlaka za maji za miji, ZAWA kwa Zanzibar, na kwa Kenya ni WRA, mamlaka ya rasilimali za maji. Taasisi ya Jiolojia iliyoko Dodoma inachora na kuuza ramani. Viwanda vya saruji vinahitaji mtu wa chokaa, na miradi ya barabara na mabomba haitaki kujenga juu ya uwazi. Kampuni za kuchimba visima ndizo zinazoajiri upesi zaidi na ndizo zitakazokuchosha upesi zaidi. Utalala kwenye hema, utapigiwa simu na mbunge, utadaiwa maji mahali ambapo hayapo. Nenda hata miaka miwili. Sijui shule nyingine inayokuonyesha mwamba ukitoka mita kwa mita.

Ukishakuwa na jina la mtu wa maji, mapango yatakujia. Mimi Umatumbi nimekwenda mara nne, na mara zote nne karatasi ya safari iliandikwa "chemchemi".

Yule kijana wa Amboni alianza visima vyake vitano mwezi wa kumi. Ananitumia namba kila Jumamosi kwa simu. Kisima cha tatu kimekuwa 640, 650, 640 kwa wiki tisa, halafu Jumamosi iliyopita 1,900. Ameniuliza kama kifaa kimeharibika. Nimemwambia akisuuze kwa maji ya mvua, atazame mwezi uko siku ya ngapi, kisha apime tena yakijaa na yakipwa.